Aliyekula Asali Yetu

Karama, mchana wa Alhamisi

Cherono mwanangu,

Usiisome hii hapa chumbani. Mwanaidi atakuona ukilia, na kabla ya chai ya asubuhi wanawake wote wa chumba hiki watakuwa na maoni. Isome ndani ya ndege, mkanda ukiwa umefungwa, mahali ambapo huwezi kuinuka na kuniambia, "Mama, wacha hayo."

Naandika mchana kwa sababu usiku niko zamu. Nilimwomba supavaiza anipe ruhusa hata ya kufika uwanja wa ndege na kurudi, akasema mwezi huu hakuna ruhusa, khalas. Nikamwambia ni mtoto wangu wa pekee. Akasema kila mtu hapa ana mtoto. Kwa hiyo wewe ukiwa kwenye foleni ya kukaguliwa mizigo, mimi nitakuwa nimesimama mlangoni mwa jengo la watu kule Al Nahda, nawafungulia wanaorudi na mifuko yao ya chakula. Nimekasirika mpaka kichwa kinagonga, lakini hiyo hasira ni yangu, nitaimaliza mwenyewe.

Sitakuandikia habari za sweta. Baridi ya Mau unaijua kuliko mimi, maana umelelewa nayo mimi nikiwa huku Uarabuni. Sitakuambia usali, kwani kwa kusali umenishinda. Nataka tuzungumze juu ya lile kofi.

Nilikupiga. Wewe, mwanamke mzima, mwenye kazi yako, mbele ya Mwanaidi na wale wasichana wa Mombasa, nilikupiga kofi la uso hadi simu ikakuponyoka mkononi. Tangu siku hiyo tunapishana humu ndani kama abiria wasiojuana. Samahani, nipishe, taa nizime? Miaka hii yote tumelala kitanda kimoja cha ghorofa, wewe juu, mimi chini, na hii ndiyo nyumba pekee ambayo mimi na wewe tumewahi kukaa pamoja tukiwa na akili zetu. Nakusikia unavyogeuka huko juu. Nashindwa hata kukuuliza kama umelala.

Unakumbuka ilivyoanza. Baba yako mdogo Kirui alituma ile video ya baraza. Hema, viti vya plastiki, wazee wetu wamevalishwa ngozi za kukodi ili wapendeze kwenye picha. Akasimama yule bwana mkubwa wa msitu, mwenye shavu lililosinyaa upande mmoja, akasema kwa niaba ya serikali kwamba yaliyotokea yalikuwa ya kusikitisha na kwamba sasa ni wakati wa maridhiano. Watu wakapiga makofi. Akasema vijana wa Ogiek wataajiriwa kuwa askari wa msitu, wailinde ardhi ya babu zao wenyewe. Majina yakasomwa, na la kwako likawemo, kwa sababu uliomba kazi bila kuniambia. Ulikuwa unalia kwa furaha. Ukaniambia, "Mama, wamebadilika. Na sisi hii hasira tutaibeba mpaka lini?"

Hapo ndipo mkono wangu ulipoondoka. Lile kofi nilikuwa nimemwekea mtu mwingine, Cherono, nimelitunza miaka mingi, na shavu lililokuwa karibu likawa lako. Nisamehe. Nimeandika, nisamehe, na nikikuona tena nitakuambia kwa mdomo.

Sitasema hakuna kilichobadilika, nisije nikawa mwongo. Nilipokwenda kuomba kitambulisho, karani aliniuliza kabila, nikasema Ogiek, akacheka, akasema hilo halimo, chagua linalojulikana. Nikaandikwa kabila la majirani zetu nikanyamaza. Wewe hukuchekwa na mtu, uliandikwa jina letu, herufi kwa herufi. Tena kesi tulishinda. Majaji wa Arusha, wa Afrika nzima, walisema msitu ule tuna haki nao na serikali iturudishie. Siku hiyo Kirui alinipigia analia nikiwa kazini, nami nikalia mbele ya lifti hadi mzee mmoja Mwarabu akanipa tishu, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, leo hakuna. Halafu serikali ikaunda kamati. Kamati ikazunguka, ikala mbuzi, ikaandika. Ikaja nyingine kuchunguza ile ya kwanza iliandika nini. Na katikati ya kamati na kamati watu waliendelea kuchomewa nyumba. Kwa hiyo ukiniambia wamebadilika, nakusikia, lakini nawaangalia mikono.

Sasa sikiliza. Unachojua ni kwamba baba yako aliuawa na askari na nyumba yetu ikachomwa. Bibi yako alikueleza hivyo, nami nikaiacha hivyo kwa sababu ni fupi na haiulizwi maswali. Iko sehemu ya katikati ambayo hukuambiwa, na sehemu hiyo ni yangu.

Wakati ule machoni pa watu nilikuwa bado bibi arusi, ingawa wewe tayari ulikuwa mgongoni. Akaja kijana mmoja wa serikali. Tulimwita Mpimaji. Msafi, viatu vinang'aa hata kwenye tope, akisalimia bibi kizee anainama kabisa. Alisema serikali inataka kututambua. Itahesabu nyumba zote na mizinga yote ya nyuki, halafu kila ukoo utapewa mahali pake na hatutasumbuliwa tena. Baba yako hakumpenda. Kibet alikuwa mtu wa maneno machache, akaniuliza jikoni: mtu anayetaka kujua kila nyumba iliko, ana shida gani na hizo nyumba? Nikamcheka. Nikamwambia wewe unaogopa hata kivuli chako, utakaa na nyani mpaka lini.

Kwa ukoo wetu, mtu akila asali kwenye mzinga wako, chini ya mti wenyewe, sega likiwa bado na joto la nyuki, huyo hawezi kukuinulia mkono mpaka mzinga huo urinwe tena. Nawe huwezi kumwinulia wake. Watu waliomwagiana damu walipatanishwa hivyo, na sikuwahi kusikia hata mmoja aliyevunja. Basi mimi ndiye niliyesema Mpimaji apewe. Kibet alisita. Nikasema mbele ya mgeni, kwa sauti ili asiweze kukataa, kwamba bwana huyu hawezi kuondoka kwetu mdomo mkavu. Baba yako akawasha moshi, akapanda, akashuka na sega. Kijana akala hadi ikamtiririkia kwenye kola. Nyuki mmoja akamuuma kwenye kope, nikamtoa mwiba kwa ukucha wangu, huku anacheka na kuniita dada.

Hakuna aliyemwambia maana yake. Kwetu haiambiwi, mtu anakula na anajua. Yeye alikula kama unavyokula chapati hotelini, asante, tamu sana. Hapo ndipo nimezunguka miaka yote hii, naamka napo, nalala napo.

Baada ya hapo nililala fofofo. Tena nikajitia kimbelembele. Kulikuwa na nyumba ambazo wenyewe hawakutaka zionekane, huko juu kwenye mianzi, na nilimpeleka mimi, kwa miguu yangu, wewe ukiwa mgongoni unamchezea kofia. Nilimpeleka hadi kwa bibi Tabutany aliyekuwa haoni. Bibi akauliza, huyo uliyekuja naye ni nani? Nikamjibu ni wetu, amekula.

Walikuja asubuhi moja, mvua imetoka kukatika. Kwanza mbwa, halafu milio ya mabati ya shule yanapigwa, halafu harufu ya petroli. Watu walikimbilia mianzini kama tulivyofundishwa tangu utotoni. Kirui alipita na mbuzi begani, akatupigia kelele tumfuate. Baba yako akamwambia usijali, naona wako na Mpimaji. Na ni kweli, alikuwa mbele yao, anawaonyesha njia. Njia zangu. Tukasimama mlangoni kwetu, Cherono. Watu wote wanakimbia, sisi wawili tumesimama mlangoni kama watu wanaosubiri wageni wa harusi. Nilikuwa nimejifunga leso safi.

Kibet akamwendea mkono umenyooshwa. Akamwambia karibu tena. Askari mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yakatoka. Na bado, mwanangu, bado alikuwa kama anacheka, kama mtu anayeona wenzake wamekosea na yeye ndiye wa kuwaelewesha. Akatema damu, akamwonyesha kidole Mpimaji, akasema, "Muulizeni huyo. Amekula kwangu."

Wakageuka wakamuuliza, huyu unamjua? Akamtazama baba yako. Akanitazama mimi. Akakutazama wewe mgongoni mwangu, wewe uliyemchezea kofia.

"Simjui," akasema. "Endeleeni na kazi."

Wakaendelea. Rungu, vitako, buti. Baba yako akapapasa kiunoni akashika panga, nafikiri hata yeye hakujua amelishika, na hilo ndilo walilokuwa wanalingoja. Walivunja kwanza mkono wenye panga. Halafu kichwa. Nilisikia, na mlio wenyewe sitakuandikia. Mwingine alikuwa ameshamwaga petroli kwenye paa, moto ukashika hata na paa lililolowa mvua. Nikachomoa boriti lililokuwa linawaka juu ya mlango wangu. Haya makovu ya kiganjani, ambayo uliniuliza nikakuambia ni mafuta ya chapati, ni ya hapo. Nikampiga nalo Mpimaji usoni. Ngozi ikashikana na mti. Alipoanguka nikampiga tena, na ningempiga mpaka jioni kama wasingenirusha kwa teke. Nilianguka kifudifudi ili wewe uwe juu.

Sasa umelijua lile shavu la kwenye video.

Baba yako tulimbeba kwa blanketi hadi barabarani, tukamlaza chini ya karatasi ya nailoni, pamoja na magodoro na masufuria ya watu. Hakumaliza wiki. Kichwa kilivimba hadi nikawa namtambua kwa vidole vya miguu. Hakuuliza habari ya nyumba wala mizinga. Mpaka anakata roho alikuwa na swali moja tu, anarudia, anarudia: kweli alisema hanijui? Na bibi Tabutany walimkuta, kwa sababu mimi ndiye niliyewafikisha. Walimtoa nje kabla ya kuchoma, sitawasingizia. Walimtoa wakamwacha nje, mvua ikarudi, na baridi ikammaliza.

Watu wa kanisa, huko nyumbani na hapa, wameniambia nitubu lile pigo la boriti. Nimejaribu, Mungu ni shahidi yangu. Nimepiga magoti hapa kati ya kitanda na kabati, nimefumba macho, nikakuta nampiga tena. Sijutii. Ninachojutia ni mdomo wangu, ule uliosema mgeni apewe asali.

Unaweza kuniuliza, kwani Mama, yeye si hakujua? Hakuambiwa. Alikula tu. Ndiyo. Hata mimi nimemtetea, siku zingine. Kijana wa mjini, ametumwa, ana wakubwa wake, akatae amri kwa sababu ya sega la asali? Lakini si lazima ujue mila ya watu ili umtambue mtu aliyekulisha. Hilo hata paka analo.

Nikueleze jambo lingine, kwa sababu kesho kutwa utavalishwa sare, na mimi sare naijua. Uliwahi kuniuliza kwa nini nilihamishwa kutoka jengo lile la mwanzo, nikakuambia supavaiza hakunipenda. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na mama mmoja Mganda ghorofa ya nne, ana mtoto mchanga, wanaishi wengi kwenye fleti moja wametenganishwa kwa mapazia kama sisi. Mwenye fleti akataka watoke siku hiyo hiyo. Meneja akatuita walinzi, akasema yalla, wasaidieni kushuka. Alisema hivyo, wasaidieni. Wengine walishuka. Yule mama alishikilia fremu ya mlango akasema hatoki mpaka mumewe arudi kazini. Nikamwambia kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili nikasikia meneja nyuma yangu anapumua. Mara ya tatu nikamshika nywele.

Cherono, hakuna aliyenilazimisha. Mkono ulikwenda wenyewe, kama umefundishwa kazi hiyo tangu zamani. Nilimvuta hadi kwenye lifti, mtoto analia, yeye ananikwaruza shingo, nami nambana ukutani kwa kiwiko, na nilikuwa na hasira naye. Naye, si na meneja. Nilikuwa nasema moyoni, kwa nini huyu mwanamke ananiharibia siku? Alipochoka akaniangalia, akasema kwa Kiswahili chake kile cha Kampala, "Dada, hata wewe?"

Hakujua mimi nimetoka wapi. Aliona ngozi tu. Lakini kesho yake niliomba kuhamishwa, na mpaka leo nikisikia Kiganda kwenye metro nashuka stesheni inayofuata. Ndipo nilipomwelewa Mpimaji, nami sikutaka kumwelewa. Ni rahisi sana. Unafikiri utapambana na nafsi yako usiku kucha, kumbe ni dakika moja, mtu anapumua nyuma yako, basi.

Kwa hiyo usidhani nakudharau kwa kwenda, au nafikiri wewe ni msaliti. Mwanaidi ameniuliza, dada, utamwacha mtoto akampigie saluti muuaji wa baba yake? Nikamwambia Mwanaidi ashughulike na mambo ya Tanga. Lakini ni kweli, huyo ndiye utakayempigia saluti. Shavu lile utaliona kila asubuhi kwenye gwaride. Mimi nisingeweza, ningechukua boriti jingine. Wewe labda unaweza, na labda ndiyo maana wewe ndiye unayekwenda na mimi ndiye ninayebaki kufungulia watu mlango. Na kama si ninyi watoto wetu, wataajiri watoto wa watu wengine, wasiojua hata mti upi una mzinga. Hilo nalijua. Nimelifikiria kila siku tangu lile kofi, na nimeshindwa kulipinga.

Ukimuuliza juu ya baba yako, sijui atakuambia nini. Pengine ameomba msamaha kwa niaba ya serikali kwa sababu kwa niaba yake mwenyewe neno linamkwama. Kwenye video hakutaja jina hata moja. Mimi sitaki akulilie. Nataka aseme Kibet, kwa mdomo ule ule, aseme nilimjua. Akilisema hilo, hata iwe ofisini hamna mtu mwingine, nipigie simu hata nikiwa kazini, nitapokea. Nami sitakuahidi kwamba nitasamehe, ila nitakaa chini.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni Kirui.

Alinipigia juzi, furaha tele, ati mtoto wa ndugu yangu anarudi kuwa mlinzi wa msitu wetu. Amejenga tena kule juu kwenye mianzi, unajua, ana wake wawili na watoto na mizinga mipya. Nikamuuliza, hiyo sehemu wanayorudishiwa watu, mpaka wake unaishia wapi? Akasema kwenye kijito. Na nyumba yako? Akacheka, akasema ng'ambo ya kijito, lakini si tuna mtu wetu ndani sasa. Mtu wao ndani ni wewe. Kisha akaniambia ameuacha mzinga mmoja bila kuurina, anakusubiri, siku ya kwanza ukifika atakupeleka chini ya mti wenyewe.

Unaelewa? Serikali ikisema maridhiano maana yake ni hapa kwenye kijito, na walio ng'ambo watoke, atakayetumwa kutangulia na kuonyesha njia ni yule anayezijua. Watakutuma wewe. Si kwa ubaya. Watasema ni heshima kwa jamii, waambiwe na mtoto wao. Na utakuwa umekula. Mpimaji angeweza kusema hakujua. Wewe hutaweza, kwa sababu sasa nimekueleza, na nimekueleza kwa makusudi.

Nilitaka kukuandikia usiile. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, kisha nikaiandika tena. Ukikataa kwa Kirui utakuwa umewaambia wote kwamba umekuja na mkono wa pili nyuma ya mgongo, na pengine ni vizuri wajue hivyo. Ukila, unajifunga. Sijui, mwanangu. Wewe ndiye utakayekuwa chini ya mti ule. Mimi nina kinywa kimoja na nimeshakitumia vibaya. Ila kabla hujala, mwambie Kirui wazi wazi umeajiriwa kufanya nini na unaweza kutumwa kufanya nini. Mwambie kwa maneno, hata kama kwetu haiambiwi. Tulikufa kwa kudhani watu wanajua.

Na ikija siku ya amri, nimekuwa nikiomba ukatae. Uvue ile sare uiweke mezani kwa mwenye shavu uondoke. Ningetembea Karama nzima natamba. Lakini nimeshakuambia habari ya yule mama Mganda, kwa hiyo siwezi kukudai ushujaa ambao mimi sikuwa nao. Pengine utakuwa na mkopo wa kulipa, au mtoto tumboni, au utakuwa umechoka tu. Pengine mtu atapumua nyuma yako. Nitakupenda hata hivyo. Hilo halina masharti, na kama nilikufanya ufikiri lina masharti siku ile, ndilo kosa langu kubwa kuliko kofi.

Lakini kitu kimoja, Cherono, kitu kidogo sana ambacho hata mwoga anaweza kukifanya. Ukishindwa kukataa, basi jana yake panda ule mlima uwaambie wakimbie. Usiwaeleze sababu, usiombe radhi, gonga milango useme kesho, ondokeni, halafu shuka. Mpimaji alikuwa na usiku mzima. Alijua kwetu, alijua mlango uko upande gani. Angeweza kutuma hata mtoto wa kuchunga. Sisi hatukumtaka atupiganie.

Baba yako alikuwa na mbio, kijijini kwetu hakuna aliyewahi kumshika. Angefika mianzini kabla yao.

Mama yako